Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: kijiti cha muhogo na kijiti cha mkononi

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mji wa Serikali, Mtumba, Dodoma.

YAH: FUNGU LA UZAZI WA MPANGO

Nakusalimu kwa heshima zote. Shikamoo sijui itoke upande upi kati yetu, kwa hiyo tuiache mlangoni.

Nimekuwa muuguzi mkunga kwa miaka 31, mingi kati ya hiyo katika wodi ya wanawake. Kwenye rejista tuliandika "mimba imeharibika", hata pale ambapo kila aliyekuwamo chumbani alijua imeharibiwaje. Wapo tuliowatoa kijiti cha muhogo. Mmoja alikuwa bado na sare ya shule chini ya khanga ya mama yake.

Siku hizi kuna kijiti kingine, cha uzazi wa mpango, kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono na kukaa miaka mitatu hadi mitano. Kikikosekana hicho stoo, kile cha kwanza tunakutana nacho wodini.

Watafiti wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na wa Muhimbili, pamoja na taasisi ya utafiti ya Guttmacher ya Marekani, walikadiria kuwa mwaka 2013 mimba 405,000 zilitolewa nchini, na wanawake 66,600 walitibiwa madhara yake. Sheria yetu ni kali, inaruhusu pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini, na hesabu ndiyo hiyo. Siombi sheria ibadilishwe. Mjadala huo una mahali pake. Naomba tutazame kwa waliofanikiwa kuipunguza hesabu ya namna hii.

Marekani, mwaka 1981, zilitolewa mimba 29 kwa kila wanawake 1,000 wa umri wa kuzaa. Mwaka 2017 zilikuwa 13 na nusu. Wapo wanaosema ni kwa sababu majimbo yalikaza sheria. Lakini kama wanawake wangekuwa wamezuiwa tu, si watoto wangezaliwa wengi zaidi? Katika miaka ya mwisho ya kipindi hicho hata uzazi ulishuka. Maana yake mimba zenyewe zilipungua. Jimbo la Colorado lilianza mwaka 2009 kutoa vijiti na vitanzi bure au kwa bei ndogo kwenye kliniki zake, na ndani ya miaka mitano utoaji mimba kwa wasichana wa miaka 15 hadi 19 ukashuka karibu nusu. Sisemi ni vijiti peke yake. Vijana wao nao walichelewa kuanza mapenzi.

Habari ya Romania ndiyo iliyoninyima usingizi. Mwaka 1966 mtawala wake, Ceaușescu, alipiga marufuku utoaji mimba, na dawa za kupanga uzazi zikawa adimu. Mwaka uliofuata watoto wakazaliwa kwa wingi ajabu. Kisha watu wakajua milango ya uani, uzazi ukashuka tena, na kufikia mwaka 1989 hakuna nchi ya Ulaya iliyozika wajawazito kama Romania, wengi wao kwa mimba zilizotolewa kwa kificho. Amri ilipofutwa, mwaka 1990 zilitolewa mimba karibu milioni moja. Mtu angesema basi, nchi imeharibika! Lakini vidonge na kondomu vilipozoeleka hesabu iliendelea kushuka, hadi mwaka 2013 haikufika laki moja.

Sisi je? Wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 32 katika utafiti wa 2015/16, na asilimia 31 mwaka 2022. Tumesimama palepale. Halafu mwaka 2025 Marekani ikaifunga USAID, shirika lake la misaada, na vifaa vya uzazi wa mpango vya karibu dola milioni 10 vikakwama ghalani Geel, Ubelgiji, vikisubiri kuteketezwa. Kwa maelezo ya IPPF, shirikisho la kimataifa la uzazi wa mpango, vyetu humo vilikuwa sindano zaidi ya milioni moja na vijiti 365,100, sawa na asilimia 28 ya mahitaji yetu ya mwaka.

Stoo si kila kitu, najua. Mwaka mmoja binti alikuja dirishani kwangu akataka sindano ya miezi mitatu. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Akasema hana. Nikamwambia arudi na mama yake. Sindano zilikuwapo, zimejaa boksi. Alirudi kweli na mama yake, baada ya miezi minne, usiku, amebebwa. Ndiye yule wa khanga.

Kwa hiyo wauguzi wako waelezwe kwa maandishi kuwa swali lile halina kazi dirishani. Na bajeti ya Wizara itakaposomwa nitakuwa mbele ya redio, nikisikilizia fungu moja tu: fedha zetu za ndani za kununua dawa na vifaa vya uzazi wa mpango, na kama zile za mwaka uliopita zilitolewa zote au zilipitishwa tu.

Wako mtiifu,
Muuguzi mkunga mstaafu, Morogoro