Barua kwa binti yangu anayekwenda Somalia

Bombo, Uganda

Mwanangu mpenzi,

Baada ya salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako, habari kwamba kikosi chenu kimeitwa Singo kwa mafunzo ya kwenda Somalia zimetufikia, ingawa zimetufikia kwa mdomo wa baba yako mdogo, ambaye naye alizipata kwako kwa simu. Nadhani mtu aliyevaa kombati kabla yako katika nyumba hii alistahili kuambiwa kwanza. Nimelisema, na nimelimaliza.

Ninakuandikia kwa sababu ya jambo moja, nalo ni karatasi zako. Usicheke. Najua utasema, "Baba ameanza tena", lakini kaa chini uisome barua hii hadi mwisho.

Wazee wanaokuja barazani kwetu Ijumaa baada ya sala unawajua, umewamiminia chai tangu ukiwa mdogo, na hadithi zao pengine unazishika kuliko mimi, kwa hiyo sitazirudia. Nataka ulione lile ambalo mtoto anayepita na sinia la vikombe halioni. Karibu kila mmoja wao amewahi kukaa mbele ya meza ya karani akaulizwa nambari yake ya jeshi, kikosi chake, jina la mkuu wake na majina ya watu waliokuwa naye. Asiye na karatasi hana kitu cha kuweka juu ya meza ile ila kumbukumbu, na ndiyo sababu wanabishana juu ya tarehe na madaraja mpaka chai inapoa. Wanajiandaa kuulizwa tena.

Mtazame mzee wa ng'ambo ya barabara ya Gulu. Alikuwa Lukaya mwezi wa Machi 1979, jeshi la Amin na Walibya walipokutana na Watanzania kwenye barabara inayokatiza kinamasi, kushoto maji na mafunjo, kulia maji na mafunjo. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili alikwisha kuelekea kaskazini, na alipofika Karuma alivua shati la jeshi, akalifungia ndani yake kitambulisho na kitabu cha mshahara, akatupa vyote katika Nile. Alifanya vyema, kwa maana siku zile mtu akikutwa na vitu hivyo hakupewa nafasi ya kujieleza. Lakini leo nambari yake anaikumbuka yote isipokuwa tarakimu mbili za mwisho, na kila Ijumaa huzijaribu upya kwa sauti, akitutazama usoni kama kwamba mmoja wetu atatikisa kichwa kukubali.

Kwenye benchi lile lile hukaa mzee aliyekuwa askari wa UNLA, jeshi la serikali baada ya Amin, katika Luwero, na pembeni yake yule aliyeingia msituni na waasi wa Museveni muda mfupi baada ya shambulio lao la Kabamba la tarehe 6 Februari 1981. Huyu wa msituni ndiye aliyemwandikia mwenzake barua ya ushahidi kwamba kweli alikuwa askari, na anajua hivyo kwa kuwa ndiye aliyemteka. Barua ilikubaliwa. Tulicheka sana siku ile, na aliyetekwa ndiye aliyelipia nyama.

Babu yako, kama ujuavyo, hakusoma. Alipigana Burma pamoja na kikosi cha Uganda cha King's African Rifles, jeshi la Waingereza, katika mvua na matope ya bonde la Kabaw mwaka 1944, na cheti chake cha kuachishwa jeshi alikiweka ndani ya bati la biskuti juu ya dari. Cheti kile kilipita enzi ya Amin, kikapita vita vya 1979, kikapita vita vya Luwero, na hadi leo kinasomeka. Sisi tuliomfuata tulisoma, na angalia tulivyofanya. Yuko mtu ambaye jeshi lilipopunguzwa, kati ya mwaka 1992 na 1995, askari zaidi ya 36,000 waliporudishwa uraiani, aliona amedharauliwa kwa kupewa bahasha ya karatasi zake na mabati, akayaezeka mabati na kuichoma bahasha nyuma ya jiko. Mama yako amekwisha kumsema mtu huyo vya kutosha, kwa hiyo mimi sitaongeza neno.

Sasa jina lako. Kwenye cheti cha kuzaliwa lina herufi moja zaidi kuliko kwenye kitambulisho cha taifa, nami nilikuagiza ulirekebishe kabla hujaingia jeshini, ukasema utafanya baada ya mafunzo. Mafunzo yalikwisha zamani. Rafiki yangu mmoja tulikuwa naye Corner Kilak mwezi wa Januari 1987, watu wa Lakwena, yule mwanamke aliyeongoza waasi wa kaskazini, walipotujia wakiwa wima, wakiimba nyimbo za kanisa, wamejipaka mafuta ya yaa, yaani shea, wakiamini risasi hazitawaingia. Kijana yule alikuwa akizijua nyimbo zile, na nilimwona midomo ikimcheza kabla ya kupiga. Alitoka salama pale, akatumika miaka mingi, akafa kwa ugonjwa. Lakini siku alipoandikishwa, karani aliandika jina lake kama alivyolisikia, akaweka L mahali pa R, na mjane wake alipokwenda kudai haki yake katika ofisi fulani mjini, aliambiwa kwamba marehemu wa kwenye faili si mume wake. Nilikwenda naye kutoa ushahidi. Waliniuliza karatasi zangu mimi ziko wapi, nikanyamaza.

Usidhani mambo haya yalikwisha kwa sababu siku hizi kuna kompyuta. Hata huko uendako, Uganda ilipeleka askari wake wa kwanza Mogadishu mwezi wa Machi 2007 katika ujumbe wa Umoja wa Afrika chini ya jina la AMISOM, mwaka 2022 likawa ATMIS, na tangu Januari 2025 ni AUSSOM. Kazi ni moja, nchi ni ile ile, lakini atakayekusoma miaka thelathini ijayo atataka kujua ulikwenda chini ya lipi, ukafika tarehe gani, ukaondoka tarehe gani. Basi omba nakala ya kila barua, na yasiyo na barua yaandike mwenyewe. Mambo ya operesheni usiyaandike, hayo ni ya jeshi na yanaweza kuwaponza wenzako. Andika yako: tarehe, kambi, aliyekuwa kulia kwako na aliyekuwa kushoto, na kama umeumia, umeumia wapi na daktari gani alikuona.

Kuhusu vita vyenyewe sina mengi ya kukufundisha. Mabomu ya kutegwa barabarani sisi hatukuyazoea kama ninyi, na anayekufundisha Singo anajua zaidi. Kunywa maji kabla ya kusikia kiu. Usimcheke anayeogopa.

Mwezi wa Mei 2023, kambi yetu ya Buulo Mareer iliposhambuliwa, Rais alitangaza baadaye kwamba askari 54 wameuawa. Jirani yetu mwenye duka la mkaa alikuwa na mtoto Somalia. Idadi tuliisikia redioni, lakini jina alilisubiri, na sisi tulikaa naye, na hakuna hadithi ya barazani iliyotufaa siku zile. Mtoto yule alikuwa kambi nyingine, yu hai. Kwa hiyo nakuuliza tena swali ulilolikwepa kwenye simu: katika fomu ya jamaa wa karibu umeandika jina la nani, na nambari gani ya simu? Yule kijana wa Wobulenzi ni mtu mwema, anatusalimu vizuri, lakini bado hajaleta watu wake hapa nyumbani, na simu yake haipatikani jioni. Andika mama yako. Mimi nambari yangu unajua inavyozimika.

Siku ya gwaride lenu Kaweweta, afande mmoja aliyekaa nyuma yangu aliuliza, "Yule wa mwisho mstari wa pili ni mtoto wa nani?" Sikumjibu, nilitaka aendelee kuuliza. Sijakuambia hili kwa kuwa unajivuna upesi, lakini ulipiga kwata vizuri kuliko sisi sote.

Hapa nyumbani kahawa imezaa, ila mvua imechelewesha kukausha. Mbuzi uliyemnunua amezaa mapacha, na mmoja ni dhaifu. Ada ya mdogo wako imelipwa nusu, na nakuomba usichukue mkopo kwa ajili ya nusu iliyobaki, nitauza gunia moja la kahawa. Paa la jiko linavuja palepale, fundi amekuja, ameangalia, ameomba nauli, hajarudi.

Ukipata ruhusa ya kuja kuaga, njoo na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho na ile barua ya kuandikishwa. Mama yako atakwenda nawe mjini kutoa nakala, kwa sababu mimi nikienda nitagombana na watu. Kama ruhusa haitatoka, nijibu kwa maandishi, usinitumie sauti kwenye simu, maana sauti siwezi kuiweka kwenye faili.

Ni mimi baba yako.