Lile bomba lirudi stoo

Mhariri,

Kijana wa jirani yangu hapa Likoni amerudi majuzi kutoka safari yake ya kwanza melini. Alinisimulia kwa fahari wanavyokaza breki za winchi, zile mashine za kuvutia kamba, wakishafunga meli gatini: wanachomeka bomba la chuma kwenye gurudumu la breki, kisha watu wawili wanaliangukia kwa uzito wao wote. "Mzee, hapo kamba haitoki hata inchi." Ndicho kinachonitisha.

Nimekuwa baharia, kisha serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia wa sitahani, miaka 26. Wengi hudhani mota ya winchi ndiyo inayoishika meli. Mota ni ya kuvuta tu. Kamba ikishakaza, klachi hutolewa, na meli inabaki mikononi mwa mkanda wa breki uliokumbatia dramu, lile pipa linaloviringiwa kamba. Kwa kawaida mkanda huo hupangwa uanze kuteleza mvuto ukifika asilimia 60 ya ule unaoweza kukata kamba. Hapa Kilindini maji ya bamvua hupanda zaidi ya mita 3, na meli inayopakua huzidi kuinuka kwa wepesi wake. Breki ikiteleza, dramu inalia, mwenye zamu anasikia na kuja kulegeza. Ikikazwa kwa bomba hailii. Utakachosikia ni mshindo mmoja.

Katika bandari moja ya Ghuba nilimwona mwenzangu akivunjwa mguu na kamba ya naili iliyokatika hivyo. Alikuwa amesimama nje ya mstari wa njano uliochorwa sitahani kuonyesha pa hatari. Kamba haisomi mistari. Tangu siku hiyo kwangu sitaha nzima ya winchi ni pa hatari. Na asijidanganye mtu na kamba za kisasa. Machi 2015, kule Milford Haven, Wales, afisa wa meli ya gesi Zarga aliumizwa vibaya kichwani na kamba ya aina iliyodhaniwa hairudi kwa kishindo ikikatika.

Nikamuuliza kijana: kamba mnaiviringisha upande gani wa dramu? Akacheka, akadhani namtania. Breki ya mkanda ina upande wake. Kamba ikiviringishwa kinyume, nguvu ya kushika inaweza kupungua hadi nusu. Huenda ndiyo sababu breki zao zilikuwa zikiteleza mapema, wakakimbilia bomba.

Tangu 1 Januari 2024 kanuni za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, zinataka winchi na kamba za kufungia meli zikaguliwe na kutunzwa, na kumbukumbu ziwekwe. Kijana anaondoka tena mwezi ujao. Nimemwambia aombe kuziona kumbukumbu hizo kabla hajagusa kamba, na lile bomba alitupe baharini. Hapana, nimekosea, huko ni kuchafua bahari. Alirudishe stoo.

Serahangi mstaafu,
Likoni, Mombasa