Mwanangu, huo mkono usiuchome moto

Mwanangu mpenzi,

Sisi hapa Tanga hatujambo, mama yako anakusalimu. Jana kwenye simu nilisikia sauti imechoka. Siku mbili uko chini ya lile Isuzu kuukuu la kubebea chumvi, mkono wa stelingi, kile chuma kilichovikwa kwenye shafti ya stelingi boksi, haujatikisika, sasa unataka kuazima gesi. Nakuomba usiuchome. Moto utaunguza oili sili, ule mpira unaozuia oili kuvuja, na kuua ugumu wa chuma, na chuma hicho ndicho kinachogeuza magurudumu ya mbele.

Wala usigonge ncha ya shafti. Mimi niligonga nilipokuwa kijana kama wewe. Mkono ulitoka, nikafurahi, kumbe beringi za ndani ya stelingi boksi nimezitia vidonda. Usukani ukawa unakwama katikati ya kona. Dereva aligundua akiwa bado uwanjani. Angegundulia mteremkoni, sijui ningeishije.

Tundu la mkono limebana kwenye meno ya shafti kama kabari, tena lina kutu ya chumvi ya miaka. Kwanza piga alama kwa tindo, mkono na shafti, ili urudishe pale pale. Nati ilegeze bila kuitoa, ibaki nyuzi chache, mkono usije ukakuangukia. Mwagia oili ya kutu, iache ilale usiku kucha. Asubuhi funga pula, kile kifaa cha kuvuta mkono utoke kwenye shafti, kaza bolti yake mpaka spana ikatae. Hapo shika nyundo nzito upande mmoja wa tundu, upande wa pili gonga kwa nyundo ya kilo mbili. Kaza kidogo, gonga tena. Usikae mbele ya pula, maana mkono huachia kwa kishindo na vyuma hurushwa.

Tairodi, zile fimbo za chuma za kugeuzia magurudumu, nazo hivyo hivyo, nyundo mbili. Ila ncha moja ina nyuzi za kushoto, na unapofungua hesabu mizunguko. Kotapini, zile pini za kuzuia nati zisilegee, za zamani tupa, weka mpya.

Hiyo pula yako ya miguu myembamba itapanuka tu. Yangu nene nimeifunga kwenye gunia, nimemkabidhi kondakta wa basi la alfajiri. Ipokee stendi ya Korogwe kabla ya saa tatu, na lori usilirudie mpaka uwe umekunywa chai.

Baba yako