Mwalimu wa kisomo apewe chaki kwenye mafunzo, asipewe cheti tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie mafunzo ya walimu wa elimu ya watu wazima katika mikoa ya Lindi na Mtwara. Kila ifikapo Septemba 8, Siku ya Kimataifa ya Kisomo, hutangazwa idadi ya madarasa na idadi ya waliojiandikisha. Ni nadra kusikia yule anayeshika chaki amefundishwa nini, kwa siku ngapi, na nani alikwenda kumwangalia akifundisha baada ya kurudi kijijini.

Huku kusini kisomo si jambo geni. Masasi ilikuwa miongoni mwa wilaya sita zilizochaguliwa enzi za Mwalimu Nyerere ili zifute ujinga kabla ya mwisho wa 1971. Kitaifa, wasiojua kusoma na kuandika walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986. Waliobeba mzigo ule walikuwa walimu wa shule za msingi pamoja na wanakijiji wa kujitolea, na hata leo ndio hao hao tunaowategemea.

Semina za kawaida zina mtindo mmoja. Watu hamsini ukumbini, siku mbili au tatu, mada zinasomwa kutoka ukutani, na siku ya mwisho ni vyeti na picha ya pamoja. Mshiriki anaondoka akijua kwamba mtu mzima ana uzoefu na aheshimiwe. Ni kweli kabisa. Lakini Jumanne saa kumi alasiri, mbele ya akina mama kumi na wanane waliotoka shambani, aanze na nini?

Aanze na neno lililo mdomoni mwao. Chukua neno korosho. Kwanza yanakuja mazungumzo ya dakika kumi hivi kuhusu bei, kangomba (ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi) na salfa ya kupulizia mikorosho, kisha neno linaandikwa ubaoni kwa herufi za urefu wa sentimita tano ili hata wa nyuma waone. Linakatwa: ko-ro-sho. Kila silabi inafunguliwa ukoo wake: ka ke ki ko ku, ra re ri ro ru, sha she shi sho shu. Hapo mwezeshaji, yaani mwalimu wa kisomo, anyamaze, awape wanakisomo, wanafunzi wake, nafasi ya kuunda maneno wenyewe: kura, shoka, shuka, rusha, shirika. Ongeza irabu u mbele ya shirika, darasa limesoma ushirika siku ya kwanza. Mtu aliyesoma neno hilo kwa macho yake mwenyewe atarudi Alhamisi.

Mwezeshaji ambaye hakuzoezwa huandika a e i o u na kuziimbisha wiki mbili. Darasa linapendeza kusikiliza, ila wengi wamekariri wimbo. Kipimo chake ni rahisi: gusa silabi bila mpangilio, ko, kisha she, kisha ri, uone nani anasoma na nani anamfuata jirani. Zoezi hili la dakika tano lifanywe kwenye mafunzo mpaka mkono wa mwezeshaji ulizoee.

Kuna matatizo ya huku kwetu ambayo mkufunzi anayetoka mbali huenda asiyajue. Aliyekulia Kimakonde huchanganya l na r. Ataandika kolosho, na kura itakuwa kula. Aliyekulia Kimakua huchanganya b na p, d na t, g na k. Hayo ni mazoea ya sikio, na anayechekwa kwa ajili yake hafungui mdomo tena. Dawa ni maneno mawili mawili yanayotofautiana sauti moja tu, yasomwe yakiambatana na picha au kitendo: kula na kura, bata na pata.

Jingine ni la chuoni, yaani madrasa. Watu wengi wa pwani ya Kilwa na Lindi, na wa Newala na Tandahimba pia, walisoma Kurani utotoni. Kwenye daftari la mahudhurio wanaandikwa hawajui kusoma, ilhali wanajua vizuri kwamba alama inabeba sauti, na hilo ndilo fundo gumu kuliko yote katika kisomo. Watu hao wasirudishwe kwenye kuchora vijiti. Wanachohitaji ni kuzoea kusoma kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kazi ya ziada kwenye irabu. Fataha, kasra na dhuma, alama za irabu za Kiarabu, ni tatu, irabu zetu ni tano, kwa hiyo e itaangukia kwenye i na o kwenye u. Mwezeshaji anayelijua hili huokoa wiki kadhaa. Asiyelijua atasema mzee ni mzito wa kuelewa.

Macho nayo yawe somo kamili. Baada ya umri wa miaka 40 hivi macho hupoteza uwezo wa kuona karibu. Mpe mwanakisomo maandishi ya kitabu umbali wa sentimita 40, penye mwanga. Akiyasogeza mbali au akirudisha kichwa nyuma, apelekwe kupimwa, kwa kuwa miwani ya kusomea inaweza kumaliza tatizo hilo. Wapo wanaoacha darasa kwa aibu ya kutoelewa wakati ubaya uko kwenye jicho.

Kuhusu hesabu, makosa makubwa ni kumfundisha mkulima kana kwamba hajui kuhesabu. Anajua, kichwani. Mfano wa darasani: kilo 240 kwa shilingi 2,000. Yeye atasema kilo 200 ni laki nne, kilo 40 ni elfu themanini, jumla 480,000. Mwezeshaji aandike njia hiyo hiyo ubaoni kwanza, ndipo alete ya kuzidisha kwa kupanga. Kisha makato: tuseme shilingi 120 kila kilo, yaani 28,800, mkononi zinabaki 451,200. Stakabadhi ya chama cha msingi cha ushirika, iliyofichwa jina na namba za mwenyewe, ni kitabu tosha cha hesabu.

Sasa ratiba. Mafunzo ya Oktoba ni hasara, kwani wawezeshaji na wanakisomo wote wako kwenye mikorosho. Napendekeza siku tano mwezi Mei, mvua zikishakatika, kwa washiriki wasiozidi 20, wawili kutoka kila kituo ili mmoja akihama darasa lisife. Asubuhi wajifunze, alasiri wagawanyike makundi ya wanne na kufundisha wanakisomo halisi wa kijiji cha karibu, kila mmoja dakika 20, wenzake wakiandika walichokiona. Madarasa yafunguliwe Juni. Baada ya hapo wakutane siku moja kila mwezi, na siku mbili nyingine Februari msimu wa korosho ukiisha. Ramadhani ikiangukia katikati, saa za darasa zipangwe upya na wanakisomo wenyewe. Posho ni suala zito linalostahili barua yake.

Walimu wa shule za msingi wana MEWAKA, mafunzo endelevu kazini, wakikutana shuleni na kwenye vituo vya walimu. Milango ya vituo hivyo ifunguliwe pia kwa wawezeshaji wa kisomo, hata wasioajiriwa. Afisa elimu kata akitembelea darasa asiishie kuhesabu vichwa na kusaini kitabu cha wageni. Akae dakika 40, aandike mambo matatu: nani alishika chaki, wanakisomo wangapi walisoma peke yao, na mwezeshaji aliongea mfululizo dakika ngapi. Akizidi kumi, wazungumze hapo hapo, chini ya mwembe, wakiwa wawili. Cheti kitolewe baada ya ziara ya pili ya namna hiyo.

Na kwako Mhariri nina ombi. Aliyefuzu akikosa cha kusoma, husahau. Tenga robo ukurasa kwa wiki, herufi kubwa za pointi 16, sentensi zisizozidi maneno manane: bei za mnada, muda wa kupuliza salfa, dalili za kipindupindu. Wawezeshaji wataikata robo hiyo na kuibandika ukutani.

Mwezeshaji wa kisomo,
Newala, Mtwara