Rehema, nina ombi usicheke

Rehema dada yangu, asalaam aleikum. Watoto wazima? Baba Sumaiya naye? Huku Bweyogerere tope tupu, mvua kila jioni. Najua nimenyamaza tangu Idi, usinianze, simu ilivunjika kioo halafu siku zilivyozidi nikaona aibu.

Sasa nina shida. Jumapili nakwenda Arua, mama anafanyiwa opresheni ya jicho, nitakaa kama wiki 3 na nyumba nafunga. Kila kitu nimepanga, imebaki ile mimea yangu ya hewa, ile inayoishi bila udongo. Nikuletee Jinja Jumamosi, kwa boksi la viatu tu?

Kwa askari wa geti siachi tena. Ile safari ya harusi ya Hadija si nilimwachia yule mzee, maskini akaona mimea imekaa juu ya gogo kavu bila udongo akasema huu ni ukatili, akaifukia yote kwenye makopo, mbolea ya kuku juu, maji asubuhi na jioni! Narudi, nashika mmoja, majani yakabaki mkononi, chini kumeoza kweusi. Ilikuwa 11 ikabaki 6. Eti "mama, ilikuwa na njaa." Nilimgombeza wiki nzima, hadi majirani wakanisihi.

Haya, sikiliza kilichofuata. Nilisoma kwamba huko kwao Meksiko na Amerika Kusini mingine inaota hadi juu ya nyaya za umeme, mizizi kazi yake kushikilia tu, maji inanywa kwa majani. Nikasema basi waya hauna neno, nikachukua mabaki ya waya wa shaba kwa Hamza fundi, nikaifunga vizuri nikaitundika dirishani, ilipendeza we! Kumbe shaba ni sumu kwao. Miwili ikafa. Yaani mimi mwenyewe, na mdomo wote ule niliomtolea mzee wa watu. Hajui mpaka leo.

Kwa hiyo ni 4 tu, haisumbui. Mara moja kwa wiki, asubuhi, iloweke kwenye beseni nusu saa, ukitoa kung'uta na uilaze kichwa chini ikauke, maji yakituama katikati ndiyo kuoza kwenyewe. Usiku usiloweke, inapumua usiku, ikiwa imelowa inashindwa. Maji ya mvua ndiyo mazuri. Weka karibu na dirisha penye mwanga na upepo, jua la mchana lisiipige, na tafadhali isikae ndani ya chupa yenye mfuniko hata kama inapendeza. Ule wa kijivu wenye majani yaliyojikunja unataka maji kidogo kuliko wenzake.

Ule mdogo umeanza kuwa mwekundu, si ugonjwa, unataka kutoa ua la zambarau. Ukishatoa mama mtu anazeeka polepole, lakini pembeni yanatoka machipukizi, usiyang'oe. Ni ndugu wa nanasi hawa, kweli kabisa, ukoo mmoja na yale ya Kayunga, ila hawa huli.

Mengine tutaongea nikija, kuna habari ya Hadija siwezi kuiandika hapa.

Sasa niambie, lile tangi la mvua bado lipo au mliuza? Dirisha la sebuleni si ndilo linapata jua la asubuhi? Na yule paka wako anayetafuna kila kitu, yupo? Jumamosi upo nyumbani au una soko? Na huyu mzee je, nimwambie habari ya waya au ninyamaze, ungekuwa wewe ungefanyaje? Maana kila asubuhi nikipita getini ananiuliza kwa upole, "mama, ile mimea imeshiba?"

Nijibu leo leo.

Wako Halima