Watoto wanne, mwalimu mmoja: mwaka upangwe kwa saa za mzazi

Ndugu Mhariri,

Katika safu yako ya elimu wiki iliyopita, mchangiaji mmoja alisema mzazi mwenye watoto watatu au wanne hawezi kuwasomesha nyumbani, kwa kuwa kila mtoto ana darasa lake, na madarasa manne yanataka ratiba nne na walimu wanne. Mimi ni mama wa watoto wanne, na wote wanasomea nyumbani. Kifungua mimba ana miaka 14, anayemfuata 11, wa tatu 8, na kitinda mimba amefikisha 5. Naomba nafasi nijibu, maana hesabu hiyo ya ratiba nne ndiyo inayowavunja moyo wazazi wengi kabla hata hawajafungua daftari la kwanza.

Mzazi akikaa kupanga mwaka, kwa kawaida huanza na vitabu. Huchukua mtaala wa kila mtoto, akahesabu sura, akazigawa kwa wiki, akachora jedwali. Masomo saba kwa mtoto mmoja yanaonekana ya kawaida tu. Kwa watoto wanne ni vipindi 28 kwa siku, na hata kila kipindi kikiwa cha dakika 20, jumla inapita saa tisa. Hakuna binadamu wa kufundisha saa tisa mfululizo na bado apike, afue na amsikilize mtoto anayelia. Kwa hiyo mchangiaji wako ana haki ya kusema haiwezekani, ikiwa mwaka unapangwa hivyo.

Mimi napanga kutoka upande wa pili. Kabla sijagusa kitabu chochote, naandika saa zangu. Nikishatoa kazi za nyumba na kazi inayoniingizia riziki, nabakiwa na saa tatu za asubuhi ninazoweza kukaa na watoto bila kuinuka, na saa moja alasiri. Hizo saa nne ndizo mali yote niliyo nayo ya kuendesha mwaka, na kila somo lazima liombe nafasi humo.

Hapo ndipo unapojiuliza: somo gani haliwezi kwenda bila mimi kukaa na mtoto huyu, peke yake, kichwa kwa kichwa? Kwa uzoefu wangu ni hesabu, kusoma na kuandika. Haya ni ngazi. Mtoto asiyejua sehemu ni nini hawezi kuzijumlisha, na asiyejumlisha sehemu ataumia sana kwenye aljebra. Kitinda mimba wangu yuko kwenye silabi, ba be bi bo bu, na hakuna namna ya kumweka meza moja na kaka yake anayetafuta thamani ya x. Masomo haya napanga manne, kila mtoto la kwake, wala sioni njia ya mkato.

Masomo mengine hayana ngazi ya namna hiyo. Sayansi, historia, jiografia, hadithi, sanaa, muziki: mada moja inaweza kufundishwa kwa mtoto wa miaka mitano na wa miaka 14 siku hiyohiyo, ila kila mmoja anaondoka na kiasi chake. Mwaka huu mada yetu ya sayansi ni maji na hali ya hewa. Tulimimina mililita 200 za maji kwenye sahani pana, na mililita 200 nyingine kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, tukaviweka pamoja dirishani. Kila asubuhi wa miaka 8 aliyamimina maji kwenye kikombe cha vipimo, akasoma mstari, akayarudisha. Wa miaka 11 aliandika vipimo na kuchora grafu yenye mistari miwili. Mdogo kazi yake ilikuwa kutabiri kipi kitakauka kwanza, akachora sahani na chupa kwenye daftari lake la picha. Mkubwa alitakiwa aeleze kwa maandishi kwa nini eneo la uso wa maji linaharakisha uvukizaji, kisha akokotoe nishati: kupandisha joto la kilo moja ya maji kwa nyuzi moja kunahitaji takriban kilojuli 4.2, lakini kuigeuza kilo hiyohiyo kuwa mvuke ikishafika nyuzi 100 kunahitaji takriban kilojuli 2,260. Alipoziona namba hizo mbili zimekaa pamoja, mwenyewe akasema sasa ameelewa kwa nini jasho linapoza mwili. Mimi nilitayarisha somo moja tu.

Mada hizi za pamoja nazipanga kwa mzunguko wa miaka minne. Mwaka huu maji na hali ya hewa, mwakani mwili wa binadamu, unaofuata sayari na nyota, kisha nguvu na mashine. Maji yatakaporudi, huyu wa miaka 8 atakuwa na 12, na yeye ndiye atakayekokotoa kilojuli. Historia naizungusha vivyo hivyo. Faida yake kubwa ni kwamba sihangaiki kwamba mdogo hakupata kila kitu. Mada itarudi akiwa mkubwa.

Kuchanganya umri si jambo tulilolibuni sisi wazazi kwa kukosa la kufanya. Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, aliwaweka pamoja watoto waliopishana miaka mitatu hivi, makusudi kabisa, ili wadogo wajifunze kwa wakubwa na wakubwa waimarike kwa kuwaonyesha wadogo.

Hapa, hata hivyo, nina neno kwa wazazi wenzangu, na nalisema kwa uzito. Kifungua mimba asigeuzwe mwalimu msaidizi wa mwaka mzima. Ni rahisi mno kumtegemea, hasa akiwa binti mtulivu na mwenye subira, na kabla hujatambua, saa zake za kusoma zimeliwa na silabi za mdogo wake. Kwangu mkubwa ana kipindi kimoja tu cha kumsaidia mdogo kwa siku, dakika 15 za kumsomea hadithi kwa sauti, na kimeandikwa kwenye ratiba yake kama somo, kwa sababu kusoma kwa sauti vizuri ni ujuzi naye anaohitaji. Kikiisha, kimeisha. Mimi ndiye niliyeamua wasomee nyumbani. Mzigo huo ni wangu.

Asubuhi zenyewe zinakwenda kwa zamu. Naanza na mdogo, kwa sababu ndiye asiyeweza kusubiri na ndiye anayechoka mapema: dakika 15 za kusoma, dakika 10 za kuhesabu vitu vya kushika mkononi, basi, akacheze. Wakati huo mkubwa anasoma sura yake ya hesabu peke yake na kuweka alama pembeni ya mistari asiyoielewa, wa miaka 11 anaandika insha, wa miaka 8 anafanya marudio ya jana ambayo anayaweza bila msaada. Kisha nahamia kwa wa miaka 8, na huyu ndiye anayenila muda mwingi kuliko wote mwaka huu, kwa kuwa yuko kwenye kugawanya kwa njia ndefu. Mkubwa nakaa naye mwisho, kwenye zile alama tu. Kanuni ninayoishikilia ni moja: mtoto anayesubiri zamu yake apewe kazi anayoiweza tayari. Ukimpa kazi mpya wakati uko na mwingine, atakuita, na utajikuta unafundisha wawili nusunusu. Mshika mawili moja humponyoka. Saa ya alasiri ndiyo ya meza ya pamoja.

Kompyuta nayo tunayo moja, kwa hiyo iko kwenye ratiba kwa jina la mtoto na saa, sawa na mimi.

Sasa mwaka. Nafundisha wiki sita, napumzika moja, mara sita. Hiyo ni wiki 36 za masomo na sita za mapumziko, jumla 42, na zinabaki wiki kumi. Hizi kumi ndizo wazazi wengi huzijaza mapema, na ndizo ninazozilinda kuliko zote. Humo kuna likizo ndefu, kuna homa ambayo ikimpata mmoja itawazunguka wote wanne kwa zamu, kuna msiba, kuna mgeni. Mwaka uliojazwa hadi ukingoni, wiki moja ya ugonjwa inauvuruga hadi mwisho, na mzazi anaanza kuwakimbiza watoto ili kufukuzana na tarehe alizoziandika mwenyewe.

Siku mbili za kwanza baada ya kila mapumziko hazina somo jipya. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejipima kumbukumbu zake mwenyewe na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba tunasahau sehemu kubwa ya tulichojifunza mapema sana, na kwamba marudio yaliyoachanishwa kwa siku yanashika kuliko kurudia mara nyingi kwa kikao kimoja. Kwa hiyo marudio nayaweka kwenye kalenda kabla ya kuweka sura mpya. Jedwali la kuzidisha la 7 na la 8 kwetu linarudi kila baada ya siku chache, dakika tano, mwaka mzima.

Mpango wa mwaka wenyewe unakaa kwenye ukurasa mmoja: mada za kila kipindi cha wiki sita, na mahali ninapotarajia kila mtoto awe amefika kwenye ngazi yake. Siku kwa siku siandiki mbele ya wiki moja. Kila mwisho wa wiki naandika wiki inayofuata, tena kwa penseli. Kwa kalamu ya wino naandika kilichofanyika kweli: kurasa zilizosomwa, hesabu zilizokosewa, kitabu kilichomfurahisha mtoto. Daftari hilo ndilo nitakaloonyesha nikiulizwa watoto wangu wanasoma nini, na mwaka ujao naupanga kutoka humo.

Kuna mwaka ambao hata hivi havitawezekana: mtoto mchanga amezaliwa, mzazi anaumwa, kazi imebadilika. Mwaka huo ubaki na hesabu, kusoma, kuandika na hadithi moja kwa sauti kila siku. Sayansi ya mzunguko itasubiri.

Mambo mawili yanatangulia yote haya. La kwanza ni sheria, kwani nchi hazifanani. Ujerumani humtaka mtoto ahudhurie shule, na ruhusa ya kusomea nyumbani ni nadra. Marekani majimbo yote 50 yanaruhusu, ila mengine yanadai taarifa na mitihani na mengine hayadai karibu chochote. Mzazi aulize kwanza mamlaka ya elimu ya mahali alipo, apate jibu kwa maandishi. La pili ni mtoto aliye karibu na mtihani. Mwaka wake unapangwa kinyumenyume, kutoka tarehe ya mtihani kurudi hadi leo, na tarehe ya kwanza ya kuzungushia duara ni ile ya mwisho ya kujiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Huyu ndiye pekee ninayemruhusu kutoka kwenye meza ya pamoja, na mkubwa wangu atatoka mwakani.

Mhariri, nina ombi pia. Ukurasa wako wa watoto hulenga umri mmoja kila toleo. Ukichapisha mada moja kwa viwango vitatu, yaani picha na maneno machache kwa wanaoanza kusoma, aya mbili kwa wa kati, na jedwali au ramani yenye maswali magumu kwa wakubwa, nyumba yenye watoto wengi itakuwa imepata somo la siku nzima kwenye ukurasa mmoja. Niko tayari kuandaa mfano wa kwanza, kuhusu uvukizaji, na kuutuma ofisini kwako ukiuhitaji.

Wako,
Mama wa watoto wanne