Programu zisisanifiwe kwa ajili ya mtu wa wastani

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kasoro ambayo wasanifu wengi wa programu za kompyuta na simu huichukulia kuwa jambo la kurekebishwa baadaye, ilhali huzaliwa siku ile ile mchoro wa kwanza unapochorwa: kumsanifia mtumiaji wa wastani, mtu ambaye kwa hakika hayupo.

Jeshi la Anga la Marekani lilikwisha kuligundua hilo. Mwaka 1950 lilipima miili ya marubani zaidi ya 4,000, na mtafiti Gilbert Daniels alipolinganisha vipimo 10 vya kila mmoja, hakumpata hata rubani mmoja aliyekaribia wastani katika vyote. Ikabidi viti vya ndege viwe vya kurekebishika.

Programu nyingi bado zina kiti kisichosogea. Katika fomu ya kujisajili, mtu akiruka sehemu fulani, ukingo wa kisanduku hugeuka mwekundu bila maelezo yoyote. Asiyetofautisha nyekundu na kijani, hali inayowapata zaidi wanaume kwa kuwa jeni zake zimo katika kromosomu X, ambayo wanaume wanayo moja tu, huenda asione kilichobadilika. Kipofu anayetumia kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hasikii lolote. Na wote wawili huendelea kubonyeza kitufe cha kutuma wasijue kwa nini fomu imegoma. Maneno mawili tu, "Tarehe haijajazwa", yakiunganishwa na kisanduku hicho ndani ya msimbo, yaani maagizo yanayoiendesha programu, yangewafaa wote, pamoja na mwenye macho mazima anayesoma simu juani. Vilevile, kisanduku cha jina la ukoo hakikubali kuachwa wazi, ingawa wako Waindonesia wengi wenye jina moja tu. Hao hulazimika kuidanganya mashine ili iwapokee, kisha huulizwa kwa nini majina yao hayalingani na vitambulisho.

Mwongozo haukosekani. Tangu 1999 WCAG, miongozo ya kuzifanya tovuti zitumike na watu wote, wenye ulemavu wakiwemo, iliyotolewa na W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, imesisitiza kwamba rangi isiwe njia pekee ya kutoa taarifa. Sehemu ya masharti hayo hupimwa na mashine, lakini mashine haijui kama maelezo yanaeleweka, kwa hiyo watumiaji wa aina mbalimbali, wazee na wenye ulemavu wakiwemo, washirikishwe kabla msimbo haujaandikwa.

Ninaomba pia waandishi wako wanapotathmini programu mpya waijaribu huku kisoma skrini kimewashwa na herufi zimekuzwa, kisha waandike walichokikuta.

Msomaji wako